"Permission denied" kwenye KVM: kagua njia kabla ya faili

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazini aliniletea laptopu yake ya Ubuntu. SSD ilikuwa imejaa, kwa hiyo alihamishia mashine pepe zake nne (kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta) kwenye diski ya pili, na tangu hapo virt-manager, dirisha la kuzisimamia, haikuwasha hata moja. Alikuwa ameshapiga chmod 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, kwenye kila faili aliloliona. Nilicheka, maana mimi nilifanya vibaya zaidi enzi zangu: nilipiga `chmod -R 777` kwenye folda yangu yote ya nyumbani. Mashine pepe iligoma vilevile, na juu yake ssh nayo ikakataa funguo zangu kwa sababu zilikuwa wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo kabla hujaendelea, ondoa mkono kwenye 777.

Naandika kwa wanaotumia KVM (sehemu ya keneli ya Linux inayowezesha mashine pepe) na libvirt (huduma inayozisimamia) kwenye Ubuntu au Debian. Fedora nimeigusa mwishoni.

Hatua ya 1: soma nani anayelalamika

Ujumbe huja kwa sura mbili, na watu wengi hukomea kwenye maneno mawili ya mwisho. Wa kwanza ni huu:

`Cannot access storage file '/media/juma/DATA/web.qcow2' (as uid:64055, gid:108): Permission denied`

Hapa ni libvirt yenyewe inasema imejaribu kulifikia faili ikashindwa. Hiyo 64055 si wewe. Ni mtumiaji anayeitwa libvirt-qemu, ambaye ndiye anayeendesha mashine pepe zako. Namba ya kundi inaweza kuwa tofauti kwako. Wa pili:

`qemu-system-x86_64: ... Could not open '/srv/vm/web.qcow2': Permission denied`

Huu unatoka kwa QEMU, programu ambayo libvirt huianzisha ili iendeshe mashine pepe yenyewe. Ukiuona huu, mara nyingi ruhusa za kawaida ziko sawa na anayezuia ni AppArmor, mlinzi wa Linux anayewekea kila programu mipaka ya mafaili inayoyagusa. Ruka mpaka hatua ya 4.

Hatua ya 2: makundi

`sudo usermod -aG libvirt,kvm $USER`

Amri hiyo inakuingiza kwenye makundi yanayoruhusiwa kutumia libvirt na KVM. Toka kwenye akaunti, ingia tena. Usisahau hiyo `a`. Ukiandika `-G` peke yake unaondolewa kwenye makundi mengine yote, sudo likiwemo, halafu utabaki huna hata njia ya kujirekebisha.

Hatua ya 3: kagua njia nzima

Ili libvirt-qemu alifikie faili, lazima aruhusiwe kupita kwenye kila folda iliyo njiani, kuanzia `/`. Ruhusa ya kupita ni herufi x. Faili lenyewe hata ukilipa 777, kama mlango wa mbele umefungwa, chumba cha ndani kikiwa wazi kinamsaidia nini aliyesimama nje?

Iangalie njia yote kwa amri moja:

`namei -l /media/juma/DATA/web.qcow2`

Kila mstari ni folda moja. Shuka nayo taratibu ukitafuta wa kwanza usio na x kwa "wengine". Kwa huyu kijana ilikuwa `/media/juma`. Ukibofya diski kwenye kidhibiti cha mafaili, Ubuntu huipachika hapo na folda hiyo hufunguliwa kwako wewe tu. Kosa lingine linalofanana na hili ni ISO (faili la kusakinishia mfumo) iliyobaki kwenye Downloads. Tangu Ubuntu 21.04 folda za nyumbani za watumiaji wapya hutengenezwa na ruhusa 750, kwa hiyo mwongozo wa zamani uliosema "weka tu ISO popote" haufanyi kazi tena.

Kwa ISO ya kutumia mara moja, mpe libvirt-qemu ruhusa ya kupita, basi:

`sudo setfacl -m u:libvirt-qemu:x /home/juma`

Amri hiyo haimruhusu kuorodhesha vilivyomo, inamruhusu kupita tu. Virt-manager yenyewe wakati mwingine hukuuliza kama ikufanyie hivyo. Kubali.

Lakini kwa diski za kudumu usijenge juu ya `/media`, hata kama setfacl imekubali leo. Mimi huzipa mahali pao. Pata UUID ya diski, yaani namba yake ya utambulisho, kwa `lsblk -f`, kisha ongeza mstari huu kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kupachikwa:

`UUID=weka-yako-hapa /srv/vm ext4 defaults,nofail 0 2`

Halafu:

`sudo mkdir /srv/vm`
`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo mount /srv/vm`
`sudo chmod 711 /srv/vm`

Hiyo chmod ije baada ya mount, la sivyo unabadilisha folda tupu iliyo chini ya diski. Na diski iwe ext4. Kama ni NTFS au exFAT iliyotoka Windows, hamisha vitu vyako, iumbize upya. Najua zipo mbinu za kuilazimisha, sizipendi.

Sasa jifanye libvirt-qemu ujaribu kufika:

`sudo -u libvirt-qemu stat /srv/vm/web.qcow2`

Ikikupa maelezo ya faili, njia iko wazi. Badilisha anwani ya diski kwenye maelezo ya mashine kwa `virsh edit web` (web ni jina la mashine), washa. Usishangae ukikuta mmiliki wa faili amebadilika kuwa libvirt-qemu. Libvirt hufanya hivyo kila inapowasha mashine, na ukirudisha kwa chown itabadilisha tena.

Hatua ya 4: AppArmor, iliyonikesha

Mashine tatu za kijana ziliwaka. Ya nne ikatoa ule ujumbe wa pili. Niliutambua pale pale, kwa sababu miaka kadhaa nyuma ulinikalisha mbele ya seva yangu mpaka alfajiri. Njia safi, mmiliki sahihi, ruhusa sahihi, na bado "Permission denied". Nilifikia hata kuweka `user = "root"` kwenye `/etc/libvirt/qemu.conf`. Haikusaidia, maana AppArmor haijali kama wewe ni root.

Uliza keneli kwanza:

`sudo dmesg | grep DENIED`

Kama umesakinisha auditd, huduma ya kuandika matukio ya usalama, tafuta kwenye `/var/log/audit/audit.log` badala yake. Dmesg itakuwa kimya na utadhani hakuna kitu. Unachotafuta ni mstari wenye `profile="libvirt-` ikifuatiwa na UUID ya mashine, na `name=` ikitaja faili lililozuiwa. Linganisha UUID na ya `virsh domuuid web`.

Sababu ni hii. Kila mashine inapowashwa, programu ndogo iitwayo virt-aa-helper husoma XML yake (faili la maelezo ya mashine) na kuandika orodha ya mafaili ambayo mashine hiyo inaruhusiwa kuyagusa. Diski ikiandikwa kwa anwani kamili, inaingia kwenye orodha. Lakini XML iliyotengenezwa kwa skripti mara nyingi huwa hivi:

`<disk type='volume' device='disk'>`
`<source pool='vm' volume='web.qcow2'/>`

Hapo kuna jina la hifadhi na jina la diski, anwani hakuna. Virt-aa-helper haiwezi kuitafsiri, inaiacha, na diski inakosekana kwenye orodha. Fungua `virsh edit web` uiandike hivi:

`<disk type='file' device='disk'>`
`<source file='/srv/vm/web.qcow2'/>`

Ikawaka. Mistari miwili, usiku mzima.

Utakutana na ushauri wa kuweka `security_driver = "none"`. Inafanya kazi, ila umeondoa ukuta kati ya mashine pepe zote na kompyuta yako kwa ajili ya diski moja. Mimi siweki.

Tahadhari kwa wanaotumia diski zinazosimama juu ya diski ya msingi: faili la juu hukumbuka anwani ya la chini, na ukihamisha mafaili hukumbuka ile ya zamani. Tazama kwa `sudo qemu-img info --backing-chain /srv/vm/web.qcow2`. Kama inaelekeza kwenye folda yako ya nyumbani, zima mashine kisha:

`sudo qemu-img rebase -u -F qcow2 -b /srv/vm/msingi.qcow2 /srv/vm/web.qcow2`

Hiyo `-u` hubadilisha anwani bila kuhakiki chochote. Ukimpa msingi usio wake, data itaharibika mashine ikiwaka. Nakili faili la juu kwanza.

Hatua ya 5: Fedora

Mtumiaji huko anaitwa qemu, na mlinzi badala ya AppArmor ni SELinux, anayeamua kwa lebo iliyobandikwa kwenye kila faili. Ukihamisha kwa `mv`, faili huja na lebo ya lilikotoka. Rekebisha hivi:

`sudo semanage fcontext -a -t virt_image_t '/srv/vm(/.*)?'`
`sudo restorecon -Rv /srv/vm`

Bado ikigoma, `sudo ausearch -m avc -ts recent` itakutajia faili.