Gharama halisi ya kujiunga na klabu ya ndege za modeli, na namna ya kuipigia hesabu

Ukiuliza ada ya klabu ya kurusha ndege ndogo za rimoti ni kiasi gani utatajiwa tarakimu moja, na karibu kila mara tarakimu hiyo huwa pungufu. Ada ya mwaka ni kipande tu cha fedha zitakazokutoka. Hesabu yenye maana ni ya mwaka wa kwanza mzima, ukiigawa kwa idadi ya siku ambazo kweli utarusha. Inahitaji karatasi, kalamu na ziara moja uwanjani, na ifanyike kabla hujanunua ndege wala rimoti.

Nani anapokea nini

Wa kwanza ni chama cha kitaifa. Marekani ni AMA, chenye makao Muncie, Indiana, kilichoanzishwa mwaka 1936. Uingereza kikubwa ni BMFA. Klabu nyingi hazikupokei usipokuwa mwanachama wa chama cha namna hii, kwa sababu bima ya madhara kwa watu wengine hupitia huko. Ada hii hulipwa mara moja kwa mwaka hata ukiwa katika klabu tatu, na hapo wageni wengi hujikuta wamelipa mara mbili: klabu ya pili inawapa fomu yenye ada zote mbili kwa pamoja, nao wanajaza tu. Ukiwa tayari na kadi ya chama, onyesha namba yake na ulipe sehemu ya klabu peke yake.

Wa pili ni klabu yenyewe. Hapa kuna ada ya mwaka, kiingilio cha mara moja, na mara nyingi amana ya ufunguo wa geti. Amana hurudishwa ukiondoka, kwa hiyo iandike pembeni, usiichanganye na gharama.

Wa tatu ni mamlaka ya usafiri wa anga. Nchi nyingi sasa zinataka mrushaji ajisajili ndege yake inapofika uzito fulani. Marekani, kwa anayerusha kwa burudani, usajili unaanza ndege inapozidi gramu 250. Unadumu miaka 3 na namba moja inabandikwa kwenye ndege zako zote. Mtihani wa usalama uitwao TRUST ni wa bure. Uingereza namba ya mmiliki hulipiwa kila mwaka. Hiki ni kipande kidogo katika hesabu yako, lakini ukikosa namba hiyo kiongozi wa zamu ana haki ya kukukatalia usirushe siku hiyo.

Kwa nini ada ya klabu iko hapo ilipo

Huwezi kusema ada ni ghali au rahisi bila kujua inalipia nini. Chukua klabu ya wanachama 40 na utumie fedha yoyote uipendayo. Kodi ya uwanja ni 2,600 kwa mwaka. Kukata nyasi, yaani mafuta, visu na matengenezo, ni 1,100. Akiba ya kununua mashine nyingine hii itakapochoka ni 600, choo na maji 400, benki na mengineyo 100. Jumla ni 4,800, sawa na 120 kwa kila mwanachama.

Sasa wanachama 10 wasilipe mwaka unaofuata. Kodi haikupungua na nyasi hazikuacha kuota. Zile 4,800 zinagawanywa kwa 30, ada inakuwa 160, imepanda kwa theluthi moja ingawa hakuna kilichoongezeka uwanjani. Ndiyo sababu klabu ndogo huwa na ada inayoyumba, na ndiyo sababu swali la idadi ya wanachama miaka mitatu iliyopita na idadi ya leo lina uzito kuliko swali la ada. Idadi ikiwa inashuka, panga kulipa zaidi mwakani.

Iangalie pia ile 600 ya akiba. Klabu isiyoweka akiba hujisifu kwa ada ndogo, kisha mashine inakufa katikati ya msimu na wanachama wanaitishwa mchango maalumu. Mchango wa namna hiyo unaweza kuzidi ada ya mwaka mzima. Muulize mweka hazina bila kuona haya: akiba ipo, na mara ya mwisho mchango maalumu uliitishwa lini? Klabu iliyo sawa itakuonyesha hesabu za mkutano mkuu. Ikisita kumwonyesha mtu anayekaribia kuwa mwanachama, hilo nalo ni jibu.

Jambo la kuangalia kwa makini kuliko yote ni mkataba wa ardhi. Uwanja wa bure kwa hisani ya mwenye shamba ni neema, lakini akiuza shamba klabu inaanza upya: kusawazisha ardhi, uzio, geti, barabara ya kuingilia. Ni afadhali ada kubwa yenye mkataba wa miaka kadhaa kuliko ada ndogo inayotegemea maneno ya mdomo, hasa kama kiingilio ni kikubwa, kwa kuwa kiingilio hakirudishwi uwanja ukipotea.

Bima

Bima inayokuja na uanachama hulipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine au mali yake. Ndege yako ikianguka ni hasara yako. Ikiibiwa garini, hasara ni yako pia. Mara nyingi bima hiyo huja baada ya bima nyingine uliyonayo, kwa mfano ya nyumba, kwa hiyo uliza ipi inalipa kwanza, na ile sehemu ya mwanzo ambayo bima hailipi inabebwa na nani: wewe au klabu.

Bima inashikamana na kanuni. Ukirusha nyuma ya mstari wa usalama, juu ya maegesho, au ndege ya aina ambayo chama hakijairuhusu, madai yanaweza kukataliwa. Ndege za injini ya jeti, ndege nzito sana na zile zinazorushwa kwa miwani ya video mara nyingi zina masharti yake. Kama ndiko unakotaka kufika, soma masharti hayo kabla ya kulipa, maana klabu inaweza kukupokea kwa mikono miwili huku kanuni zake hazikuruhusu kurusha unachokitaka.

Gharama zilizojificha katika kanuni za uwanja

Omba katiba na kanuni, uzisome zote. Utafute mambo haya.

Kelele. Uingereza mwongozo wa mwaka 1982 uliweka kikomo cha desibeli 82 zikipimwa umbali wa mita 7, na klabu kwingine zina vikomo vyao. Injini ya mipigo miwili iliyonunuliwa kwa mtu huenda ikahitaji sailensa bora au propela kubwa zaidi inayozunguka polepole. Uwanja ulio karibu na nyumba unaweza kuwa wa mota za umeme tu, na hapo injini yako haina kazi kabisa.

Njia ya kurukia. Ndege ya mafunzo ya umeme yenye mabawa ya mita 1.2 hadi 1.5 inatosheka na nyasi fupi na mita 50 hivi. Nyasi zikiachwa zifike kimo cha kiganja, magurudumu madogo yananasa, ndege inalala kifudifudi, na propela inavunjika wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Uwanja usiokatwa nyasi utakulipisha kwa propela na miguu ya ndege, hata kama ada yake ni nusu ya jirani. Nenda uone nyasi siku ya kawaida, si siku ya maonyesho.

Umeme. Betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli tatu yenye ujazo wa mAh 2,200 hukupa dakika 8 hadi 10 angani, na kuichaji kwa kasi salama ya kawaida huchukua karibu saa nzima. Uwanja usio na umeme unakudai betri nne au tano ili ushinde asubuhi nzima. Uwanja wenye paneli za jua na sehemu ya kuchajia unakuruhusu kuanza na mbili au tatu. Tofauti hiyo iingize kwenye karatasi.

Kitambulisho cha mbali. Marekani ndege inayotakiwa kusajiliwa inapaswa kutangaza utambulisho wake kwa redio, ila ikirushwa ndani ya eneo lililotambuliwa na FAA, mamlaka ya anga ya huko, liitwalo FRIA. Uwanja wenye hadhi hiyo unakuepusha kununua kifaa cha kutangazia.

Msaragambo. Klabu nyingi zinadai siku mbili au tatu za kazi kwa mwaka, na asiyefika hutozwa. Ukijua huwezi kufika, jumlisha tozo hiyo kwenye ada tangu mwanzo. Ukiweza kufika, fika: mafundi wazuri wa klabu utawafahamu pale pale kwenye reki na toroli.

Mafunzo na rimoti

Katika klabu nyingi mwalimu ni mwanachama anayejitolea, na mafunzo yamo ndani ya ada. Hii ndiyo thamani kubwa kuliko zote kwa anayeanza. Anayejifunza peke yake mara nyingi huvunja ndege ya kwanza katika siku zake za mwanzo, kwa sababu ndege ikimwelekea, kushoto na kulia kwenye rimoti vinamgeukia. Mwalimu mwenye rimoti ya pili iliyounganishwa na yako anachukua udhibiti kwa kuachia swichi moja, na ndege inabaki angani.

Lakini muungano huo una masharti. Rimoti mbili ziwe zinaelewana, kwa waya au bila waya, na mara nyingi maana yake ni kampuni moja. Tena kuna mpangilio wa vijiti: mode 1 ina kijiti cha mafuta, yaani cha nguvu ya injini au mota, kulia; mode 2 inacho kushoto. Ukinunua mode 1 kwenye uwanja ambapo walimu wote ni wa mode 2, huenda usipate wa kukusaidia ndege ikienda mrama. Kwa hiyo uliza walimu wanatumia nini, kisha ndipo ununue. Uliza vilevile walimu wapo siku gani, na kama kuna mtihani wa kuruhusiwa kurusha peke yako. Usipoufaulu utarusha siku za mwalimu tu, na idadi ya siku zako inapungua.

Umbali

Watu hulinganisha ada na kusahau barabara. Klabu moja iko kilomita 10, ada yake 120. Nyingine iko kilomita 40, ada 60. Kwenda na kurudi ni kilomita 20 dhidi ya 80. Ukirusha siku 30 kwa mwaka, klabu ya mbali inakuongezea kilomita 1,800, na gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 litakunywa lita 144 zaidi. Zidisha kwa bei ya lita uijuayo, halafu uilinganishe na ile 60 uliyodhani umeokoa. Saa za njiani hata hazijahesabiwa.

Hizo siku 30 nazo usizitie chumvi. Anza na wikendi 52, toa za mvua, za upepo mkali kwa ndege nyepesi (upepo ukipita kilomita 20 kwa saa mwanafunzi abaki chini), za mashindano ambapo uwanja unafungwa kwa wanachama wa kawaida, na za shughuli za familia. Mtu mwenye bidii hubaki na 25 hadi 30. Ukiona utapata chini ya 10, uliza kama kuna tiketi ya mgeni ya siku au uanachama wa nusu mwaka.

Kupiga hesabu na kulipa

Andika kwa mpangilio huu: chama cha kitaifa, ada ya klabu, kiingilio, usajili wa mamlaka, vifaa ambavyo kanuni zinakulazimisha kuvinunua, tozo ya msaragambo kama hutafika, mafuta ya gari. Jumlisha, gawa kwa siku. Kisha rudia bila kiingilio na bila vifaa vya mara moja. Hiyo ndiyo gharama ya mwaka wa pili, na ndiyo ya kulinganishia klabu mbili kama unanuia kukaa. Mwaka wa kwanza huonekana mkali kupita kiasi na umewakimbiza wengi bure.

Tazama kalenda. Mwaka wa klabu mara nyingi huanza Januari hata ukijiunga Oktoba. Baadhi hupunguza ada kwa miezi iliyobaki. Nyingine humpa miezi hiyo bure anayelipia mwaka ujao mapema. Wasipotaja, uliza. Uliza pia kuhusu ada ya vijana, ya wazee na ya familia, kwa kuwa mtoto na mzazi wakijiandikisha tofauti hulipa zaidi. Na ukichelewa kuhuisha, baadhi ya klabu hukuhesabu mgeni na kukutoza kiingilio upya, hivyo andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona.

Lipa chama cha kitaifa kwanza, kwa kuwa klabu itataka namba yake. Lipa klabu kwa njia inayoacha kumbukumbu, uchukue risiti inayotenganisha ada, kiingilio na amana ya ufunguo. Subiri uthibitisho kwamba bima imeanza, kwa kadi au kwa barua pepe. Kabla ya hapo nenda uwanjani, saidia kushika ndege za wenzako, lakini yako iache garini.