Muuza kahawa wa miraba 256: kuchora mhusika wako wa kwanza wa gemu kwa pikseli

Mhusika wangu wa kwanza aliyekamilika ni muuza kahawa. Ana kanzu nyeupe, kofia ya viua na dele la shaba, lile birika la kahawa, mkononi, kama wale waliokuwa wakipita kwetu Ngamiani, Tanga, wakigonganisha vikombe jioni. Anakaa ndani ya miraba 16 kwa 16, na kila mraba ni pikseli moja. Kabla yake nilianza wahusika wanne na wote nikawaacha njiani, kwa sababu ileile: niliwaanza wakubwa mno.

Piga hesabu mwenyewe. Turubai ya 16 kwa 16 ina miraba 256. Ya 64 kwa 64 ina 4,096. Mhusika wa gemu hachorwi mara moja. Akitembea kwa picha nne, huyo mkubwa anakudai miraba zaidi ya 16,000, na bado hajaruka wala hajakaa. Mimi nilikwama kwenye mguu wa pili wa mwendo, wiki tatu nzima. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwako ni hili: 16 kwa 16, usizidishe, hata kama unajua kuchora vizuri kwa penseli. Hasa kama unajua kuchora kwa penseli.

Programu isikusumbue. Ukiwa na simu ya Android, Pixel Studio inatosha kabisa. Huyu muuza kahawa nilimwanzia kwenye simu, kwa kidole. Ukiwa na kompyuta, Piskel inafunguka kwenye kivinjari bila kulipia, na LibreSprite ni ya bure pia. Aseprite inauzwa na ni nzuri, lakini isubiri. Unahitaji penseli ya pikseli moja, kifutio, ndoo ya kumwaga rangi na uwezo wa kuongeza fremu, yaani picha moja moja za mwendo.

Anza na kivuli mtu

Mama yangu alishona kofia za viua miaka yote niliyomfahamu. Kabla ya sindano alichora umbo na mistari ya ua kwenye kitambaa, na kazi ikikataa hapo aliitupa, hakusubiri kushona ndipo aone. Fanya hivyo. Chagua rangi moja ya giza, umchore mhusika wote kwa rangi hiyo tu, bila macho, bila nguo, kama kivuli chake ukutani. Ukimtazama hivyo na hujui ni nani, rangi hazitamwokoa.

Gawa urefu kabla ya kugusa penseli. Safu ya kwanza juu niliiacha tupu, sababu yake utaiona akianza kutembea. Kofia safu tatu, uso safu nne, kanzu safu saba, miguu safu moja. Utaona kichwa na kofia yake vinakula karibu nusu ya mtu. Mwili wa binadamu hauko hivyo, lakini ukimpa vipimo vya kweli kichwa kitabaki miraba miwili na uso hautakuwa na pa kukaa. Mtu anamjua mwenzake kwa kichwa, kipe nafasi.

Upana wa kanzu ni miraba minane, na pembeni niliacha nafasi ya mkono na dele. Kitu anachoshika mhusika wako kitenge na mwili japo kwa mraba mmoja mtupu. Dele likigusana na kanzu, kwenye kivuli linakuwa tumbo.

Hapo nilimwita mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa, nikamwonyesha kwenye simu.

"Huyu nani?"

"Mpishi wa hoteli, shangazi."

Alikuwa sahihi. Kofia, nguo ndefu, na kitu kidogo mkononi ambacho kingeweza kuwa mwiko. Nilirefusha dele kutoka miraba mitano hadi saba, shingo nyembamba na tumbo pana, nikautoa mdomo wake mraba mmoja nje. Chini yake nikaweka miraba miwili ya jiko la mkaa. Kisha nikafanya jambo ambalo lilimaliza ubishi: nikasogeza kofia na uso mraba mmoja upande wa pili, ili mwili uegemee. Dele lenye kahawa ni zito, na mbebaji wake lazima apindishe mwili. Mtoto alipoonyeshwa tena alisema "kahawa" kabla sijamuuliza. Tafuta mtu wa namna hiyo, asiyejua unachochora, na usimdokeze.

Rangi, na hasa rangi ya ngozi

Tumia chache. Mario, yule mhusika maarufu wa gemu, wa mwaka 1985 kwenye mashine ya Nintendo, alichorwa kwa rangi tatu tu, kwa sababu mashine haikuruhusu zaidi kwa kila kipande cha mhusika. Masharubu na kofia yake vilitokana na ufinyu kama huo huo: alipobuniwa kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong ya mwaka 1981, mbunifu wake Shigeru Miyamoto alimpa masharubu ili asihangaike na mdomo, na kofia ili asihangaike na nywele. Muuza kahawa wangu ana rangi saba. Nazitaja kwa namba zake ili uweze kuzijaribu: mstari wa giza #241A2E, ngozi #7A4530, kivuli cha ngozi #4A2436, kanzu #F4EFE3, kivuli cha kanzu #A9A6C4, shaba #D9A441, na kaa la moto #E2582A.

Angalia hicho kivuli cha ngozi. Nilipoanza nilikuwa nachukua rangi ya kahawia na kuichanganya na nyeusi, na watu wangu wote walitoka kama wamepakwa masizi. Mafunzo mengi niliyofuata yalichora ngozi nyeupe, na kwenye ngozi nyeupe kosa hilo halionekani sana. Ngozi yetu gizani haiendi kwenye kijivu. Inaelekea wekundu wa zambarau. Juani inaelekea rangi ya chungwa. Kwa hiyo ukitaka kivuli, usishushe mwanga peke yake, sogeza na rangi yenyewe kuelekea zambarau. Ukitaka mng'ao, ipandishe kuelekea chungwa. Jaribu kwenye karatasi tupu ya programu: weka miraba mitatu, giza, kati na mwanga, ukae nayo mpaka ionekane ni ngozi ya mtu unayemjua. Mimi nilimweka mama mbele yangu, karibu na dirisha, nikaangalia shavu lake saa tisa alasiri.

Macho nayo. Jicho jeusi kwenye ngozi nyeusi, kwa ukubwa huu, linapotea. Suluhisho ni mraba mmoja wa rangi ya kanzu na ubavuni mwake mraba mmoja wa giza. Hilo ni jicho zima. Ule weupe ndio unaoonekana kwa mbali, na ule weusi unasema anatazama wapi. Pua na mdomo sikuweka. Niliwahi kuweka mdomo wa mraba mmoja na akaonekana ameshtuka siku zote.

Kanzu ina shida ya kinyume: nyeupe juu ya ukuta mweupe haionekani. Ndiyo maana kivuli chake nimekipa ubluu kidogo, nikakishusha upande mmoja wote na chini ya kidevu. Chagua jua liko wapi kabla hujaweka kivuli chochote, kisha usilihamishe. Langu liko juu kushoto. Wanaoanza wengi huzungusha giza kwenye kingo zote na kuacha mwanga katikati, na mhusika anatokea amevimba kama mto.

Kofia ya viua ilinitesa kuliko vyote. Ya mama ina vitundu mamia kwa mamia, na mimi nina safu tatu za miraba minane. Nilijaza nukta kila mahali, ikawa chafu. Nikapunguza, nikapunguza, hadi zikabaki nukta tatu za rangi ya kivuli, zimeachana sawasawa katika safu ya katikati. Mama alipoiona alisema, "Hiyo ni kofia." Hakuuliza viua vingine viko wapi.

Kuhusu mistari nitasema moja tu. Mstari wa kupinda unajengwa kwa ngazi, na ngazi zifuate mpango: miraba mitatu, miwili, mmoja. Ukiweka mmoja, kisha mitatu, kisha mmoja, jicho linajikwaa hapo. Pitia kingo zote ukihesabu ngazi.

Kutembea

Mwendo unahitaji fremu nne: hatua, kupishana, hatua, kupishana. Kanzu ni zawadi kwa anayeanza, kwa sababu inaficha magoti. Kwenye fremu ya hatua, miguu imeachana, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mwili uko chini. Kwenye kupishana, miguu imekutana na mwili wote unapanda mraba mmoja. Ndiyo kazi ya ile safu tupu ya juu; bila hiyo kofia inakatwa. Pindo likipanda, safu moja ya mguu itachungulia, iache. Fremu ya tatu nakili ya kwanza na ubadilishe miguu. Ya nne nakili ya pili. Kila fremu ikae milisekunde 150, kisha ongeza au punguza.

Baada ya hapo chelewesha dele: mwili ukipanda, lenyewe libaki chini kwa fremu moja, lipande wakati mwili unashuka. Ni kusogeza miraba michache tu, lakini ghafla lina uzito na lina kahawa ndani. Nilipoliona mara ya kwanza nilikaa nikilitazama likizunguka hadi simu ikazima.

Kumtoa nje salama

Hifadhi kwa PNG, kamwe si JPG, kwa sababu JPG inachafua kingo na haibebi sehemu iliyo wazi nyuma ya mhusika. Ukimkuza ili kumwonyesha mtu, kuza mara 4, mara 8, mara 10, isiwe mara 3 na nusu. Mraba hauwezi kugawanyika vipande vikabaki sawa. Ukimtuma WhatsApp, mtume kama dokumenti. Akienda kama picha, anafika amepauka na ukungu.

Kwenye gemu yenyewe kuna mpangilio mmoja ambao wengi hawauoni, wakadhani wamechora vibaya. Godot na Unity ni injini, yaani programu za kutengenezea gemu. Katika Godot 4, fungua mipangilio ya mradi, nenda kwenye sehemu ya tekscha (Textures), ubadilishe kichujio kiwe Nearest. Katika Unity ni Point, kwenye picha yenyewe, na uzime ubanaji (Compression). Usipofanya hivyo, injini inalainisha kingo zako zote.

Ukimaliza, nakili faili lake kabla ya kufuta chochote, kwa sababu mwili huo sasa ni kipimo cha wengine wote. Mimi kwenye nakili nilifuta dele na kofia, nikaanza jirani yake mwenye baibui. Hapo nyeusi yote inakuwa mtihani mpya: baibui lichore kwa bluu ya giza, mikunjo yake kwa bluu iliyopanda kidogo, na nyeusi kabisa uiweke chini ya mkono na pindoni tu.