Kabla ya Wiki ya Jua na Mvua: Mambo ya Kuzingatia Nyumbani Wakati wa Tangambili

Kuna kipindi hapa Mombasa ambacho upepo wa kusi umekwisha kuchoka na ule wa kaskazi haujashika, nacho wazee wa pwani hukiita tangambili, kwa sababu upepo hauna upande mmoja unaoweza kuutegemea. Kipindi hicho huangukia Novemba, katikati ya mvua za vuli, joto la kiangazi likiwa limeanza kupanda hadi nyuzi 31 au 32. Wiki moja tu yaweza kukuletea jua la kuchoma Jumatatu, mvua kubwa Jumanne usiku, anga jeupe Jumatano, manyunyu Alhamisi, na Ijumaa ngurumo zisizo na tone. Wanaopaswa kujiandaa zaidi ni wakazi wa mitaa ya pembezoni, kama Kiembeni, Mshomoroni, Utange, Mikindani na Mtongwe, kwa kuwa huko ploti nyingi zina shimo lake la maji taka, mitaro ni michache, na njia za ndani ni mchanga na udongo. Ninaandika nikiwa mkazi wa Kiembeni, na nikiwa mzazi aliyeponea chupuchupu kumpoteza mtoto kwa jambo ambalo lingerekebishwa kwa nusu mfuko wa saruji.

Anza na paa. Mlipe fundi apande kabla wingu la kwanza halijakusanyika, kwa kuwa hewa ya chumvi hula misumari kabla ya kula mabati yenyewe, na bati lililolegea huvuja siku ya mvua na kung'oka siku ya upepo. Gata zisafishwe; majani ya mti wa mkungu ni mapana, na machache tu yanatosha kuziba mdomo wa bomba. Usiegeshe gari wala usimkalishe mtoto chini ya mnazi wenye makuti makavu.

Stima nayo haihitaji maelezo marefu. Nunua tokeni mapema, chaji simu na taa, na uchomoe friji na televisheni mara radi zinapokaribia, bila kungoja stima ipotee, maana vyombo vingi huungua inaporudi kwa kishindo. Ukiona waya umeanguka, usiuguse wala usikanyage dimbwi lililo karibu nao, hata kama mtaa mzima uko gizani.

Jambo linalosahauliwa na wengi, hasa waliohamia kutoka bara, ni bahari. Mitaro mingi ya mji huu humwaga maji yake baharini na kwenye mikono ya bahari kama Tudor, na maji ya bahari yanapojaa, yale ya mtaro hayana pa kwenda. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kutazama wingu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, ambapo maji ya bahari hupanda zaidi ya mita 3 na kufikia kilele karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu na bahari ikipanda kidogo tu, hali huwa nafuu. Aliye na kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali la kutosha, kwani siku za mwanzo wa mwezi na zile zinazofuata tarehe 14 ndizo za kuangalia. Mvua hiyo hiyo ambayo ingepita bila madhara wakati wa maji mafu, ikinyesha saa kumi alasiri siku ya bamvua itasimama barabarani hadi Magharibi, wakati huo huo watu wakitoka kazini na watoto wakitoka shule. Siku kama hizo panga mapema ni nani atakayewachukua watoto na kwa njia ipi, na umwambie dereva wa tuktuk waziwazi kwamba njia ikijaa maji asijaribu kuvuka. Waliokuwa hapa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoifurisha mitaa ya Mombasa, wanajua kwamba maji yanayofika magotini huficha shimo la mtaro lisilo na kifuniko.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kama una nafasi ya kushughulikia moja tu, ninakusihi uyaache mengine yote ulishughulikie hilo: kifuniko cha tangi la maji lililo chini ya ardhi.

Maji ya mfereji huku kwetu hayaji kila siku. Mji huu hutegemea maji yanayovutwa kutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kwenye Mto Sabaki, na mitaa iliyo mwisho wa bomba hupata yaliyobaki. Ndiyo sababu ploti nyingi zina tangi la zege lililochimbiwa uani, linalojazwa siku maji yakija au kwa lori, kisha pampu huyapandisha hadi tangi la plastiki lililo juu. Tangi letu lilihudumia nyumba nne. Kifuniko chake kilikuwa kimemeguka pembeni, mwanya wa kupitisha ngumi, na kwa miezi kadhaa tuliufunika kwa tofali na kipande cha gunia. Hatua kumi na mbili kutoka hapo lilikuwapo shimo la choo. Hakuna mpangaji ambaye hakuuona mwanya ule. Mimi mwenyewe niliuruka kila asubuhi nikienda kuanika nguo.

Jumanne moja usiku ilinyesha kwa muda wa saa moja na nusu. Haikuwa mvua ya kutisha. Maji yalisimama uani hadi kwenye vifundo vya miguu, na kulipokucha mchanga ulikuwa umeyanywa yote. Jumatano jua liliwaka, tukafua nguo, watoto wakacheza, wakarudi na kiu na kukinga vikombe vyao mferejini kama siku zote. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu wala ladha ngeni. Alhamisi yalipita manyunyu. Ijumaa kabla ya adhuhuri mwanangu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka 6, alianza kutapika, na ilipofika Magharibi alikuwa akiharisha maji matupu, macho yamezama, na ngozi ya tumbo lake nilipoifinya ilibaki imesimama badala ya kurudi. Usiku huo huo nyumba ya tatu nao wakawa na wagonjwa wawili.

Daktari aliyempokea hakuanza kwa kuuliza mtoto alikula nini. Aliniuliza, "Mama, haya maji mnayokunywa yanatoka wapi?" Nilimjibu kwamba ni ya tangi, masafi kabisa, nimeyaona kwa macho yangu. Akasema, "Rudini mlifungue hilo tangi. Msitazame maji, tazameni ukuta."

Jumamosi asubuhi mume wangu aliinua kifuniko akamulika kwa tochi. Kutoka kwenye ule mwanya ilikuwa imeteremka alama ya rangi ya chai, yenye upana wa kiganja, ikinyooka ukutani hadi kuzama majini, na chini kabisa, juu ya sakafu ya zege, tope laini lilikuwa limetulia kama majivu, kipande cha karatasi kikiwa kimelala juu yake. Maji yaliyokuwa juu ya tope lile yalikuwa maangavu. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba uchafu uliingia Jumanne na kutuama Jumatano, nasi tukanywa kile kilichosalia kisichoonekana kwa macho, katika siku ya jua ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kushuku. Mwanangu alitundikiwa maji siku mbili usiku na mchana, akarudi nyumbani Jumatatu, na wale wa nyumba ya tatu pia walipona. Sitaki mzazi mwingine apitie usiku ule wa Ijumaa.

Kwa hiyo, kabla ya wiki kama hiyo kuanza, piga magoti uangalie kifuniko chako mchana, si kwa tochi usiku mambo yakishaharibika. Mdomo wa tangi uinuliwe kwa saruji juu ya ardhi angalau shibiri mbili, kifuniko kikae bila kutikisika, na nyufa zote zizibwe, hata ule ufa unaopitisha bomba la pampu, ambao mafundi wengi huuacha wazi. Wenye visima wasijione wako salama, kwa kuwa sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi, na maji ya shimo la choo husafiri ndani yake kwa urahisi. Ule umbali wa mita 30 unaoshauriwa mara kwa mara kati ya kisima na choo ni wa kuanzia tu katika mwamba wa aina hii, na ploti nyingi hazina hata theluthi yake.

Iwapo maji ya mvua yamekwisha kuingia, usijidanganye kwa kumimina dawa juu yake na kuendelea kuyatumia. Maji yote yatolewe, kuta na sakafu zisuguliwe, tangi litiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, liachwe, lioshwe tena, kisha ndipo lijazwe. Hapa nitasema kwa ukali: mtu yeyote asiingie tangini peke yake, na kamwe pampu ya petroli isiwashwe ndani yake au mdomoni pake, kwa sababu hewa ya mle ni chache na moshi wa injini huua kabla mtu hajapata nafasi ya kuita. Pampu ikae mbali, kifuniko kiachwe wazi kwa muda wa kutosha, na wawepo watu wawili juu wakiwa wameshika kamba.

Wiki nzima, jua au mvua, maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote barabara, au yatiwe klorini na kuachwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Weka nyumbani pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Zisipokuwapo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya msawazo bila kilima, ukoroge na kumnywesha mtoto kidogo kidogo huku mkielekea hospitalini. Anayetapika kila anachopewa, ambaye macho yamezama au hakojoi, asisubirishwe hadi asubuhi.

Baada ya mvua tatu nne zenye jua katikati, mbu nao huja, na si wale wa usiku tu. Mbu anayeeneza dengi na chikungunya huuma mchana na hutaga kwenye maji safi yaliyotulia, yaani ndoo, pipa, sahani ya chini ya chungu cha maua, gurudumu lililotupwa nyuma ya nyumba. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kisha huanguliwa mvua ikiyafikia, na kutoka yai hadi mbu mzima ni kiasi cha wiki moja hivi katika joto letu. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 chikungunya iliwalaza watu wengi mjini humu kwa maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu. Chagua siku moja ya wiki, kila chombo kimwagwe na kusuguliwa ndani, na mapipa ya akiba yafunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba.

Mengine ni ya kawaida, lakini yaseme nyumbani kwa sauti. Mwenye pumu awe na dawa yake mkononi, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla ya hewa humsumbua. Mkaa uwekwe juu ya mbao, mbali na sakafu. Samaki aliyelala kwenye friji lililozimika usiku kucha atupwe, hata akiwa bado anaonekana mzuri. Mtembelee jirani mzee anayeishi peke yake kabla ya mvua, si baada yake. Watoto wasicheze kwenye madimbwi ya njiani, kwa kuwa hayo ni maji ya mashimo ya watu. Na usiku mvua ikikatika, yeyote anayetoka uani avae viatu na kumulika anapokanyaga, kwani tandu na nyoka nao huwa wamekimbia mashimo yaliyojaa maji.