Pima mvutano wa dunia kwa uzi na nati

Mahitaji: uzi wa pamba mita 1.5, nati ya chuma (ya spana namba 19 inafaa), rula mbili za mbao, mpira wa tyubu, matofali mawili, tepu ya kupimia, simu yenye saa ya sekunde. Nailoni haifai, inavutika.

1. Bana uzi katikati ya rula mbili, zifunge kwa mpira wa tyubu. Zisimamishe kwa ubavu juu ya kabati, zitokeze sentimita 10, tofali kila upande. Ukifunga uzi kwenye msumari unajiviringisha kila nati inapobembea, na urefu unabadilika bila wewe kujua.

2. Nati ikiwa inaning'inia, pima kutoka ukingo wa chini wa rula hadi katikati ya tundu la nati. Rekebisha iwe sentimita 90 kamili.

3. Ivute kando sentimita 12, si zaidi, uiachie bila kuisukuma. Ikichora duara, isimamishe uanze upya.

4. Inapopita chini kabisa bonyeza saa na useme "sifuri". Ikirudi kupita hapohapo kwa mwelekeo uleule, ndiyo "moja". Endelea hadi 20. Anzia chini, maana pembeni nati inasitasita na jicho linakosa pa kukata. Kidole kikichelewa sekunde 0.2 kwenye bembea moja umekosea asilimia 10 ya muda. Kwenye 20 ni nusu asilimia tu.

5. Gawa muda kwa 20 upate T, yaani muda wa bembea moja. Kisha mvutano wa dunia, g = 39.48 × L ÷ (T × T), L ikiwa urefu uliopima, kwa mita (0.9). Sekunde 38.1 zinatoa T ya 1.905, na g ya 9.79.

Ukipata 10.8, ulianza kuhesabu kwa "moja" badala ya "sifuri". Ukipata 39, umehesabu kwenda pekee na kurudi pekee kama bembea mbili.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Sina nati, nimetumia kufuli. Kila nikirudia napata 9.4.*

Marahaba. Bila shaka umepima hadi kwenye upinde wa kufuli, na uzito wake umekaa chini zaidi. Sentimita 3 zikipungua kwenye 90, jibu linashuka kwa 0.3. Lilaze kufuli kwenye ukingo wa rula mpaka litulie bila kuanguka. Pima hadi hapo.

*Nati nzito zaidi itaenda haraka?*

Hapana, uzito haumo kwenye hesabu. Ila usitumie kitu chepesi kama kizibo cha plastiki, hewa inakisimamisha mapema.

*Kwa nini vitabu vingine vinaandika 9.78 na vingine 9.83?*

Ya kwanza ni ya Ikweta, ya pili ni ya ncha za dunia. Bembea 20 hazitoshi kuonyesha tofauti hiyo, lakini saa ya pendulamu (inayoendeshwa na uzito unaobembea) ikienda mchana na usiku inaionyesha. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alifika na yake kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na Ikweta. Ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku, ikabidi afupishe pendulamu.