Jinsi ya kuandika historia ya parokia ya mashambani Ayalandi, kwa mfano wa Kilfenora

Wengi wakitaka kuandika historia ya parokia hukimbilia kanisani. Mimi nami nilianza hivyo, nikapoteza majuma mawili kwenye orodha za mapadre. Anza na ardhi, kanisa utalikuta njiani. Mfano wangu ni Kilfenora, kaunti ya Clare, pembeni mwa nyanda za mawe za Burren.

Hatua ya 1: Jua ni parokia ipi

Parokia ziko za aina mbili, na mara nyingi jina ni moja. Kuna ya kiserikali, ambayo mipaka yake ya kale ilitumika kwa kodi na ramani, na kuna ya Kanisa Katoliki, ambayo mipaka yake imehamahama. Msomaji wa Uganda hatashangaa, maana kwake pia parish yaweza kuwa muluka. Kila ukifungua hati, andika pembeni ni ipi.

Kilfenora ina kisa chake: ilitambuliwa kuwa jimbo la askofu mwaka 1152, na mwaka 1883 ikawekwa chini ya usimamizi wa askofu wa Galway, aliyeiangalia kwa niaba ya Papa. Ndiyo maana wenyeji hutania kwamba askofu wao ni Papa mwenyewe.

Hatua ya 2: Orodhesha vitongoji

Parokia imegawanyika katika vitongoji, kwa Kiayalandi baile fearainn. Nchi nzima vinazidi 60,000. Hivi ni vipande vya ardhi: watu wakihama wote, jina na mpaka hubaki. Tovuti ya logainm.ie itakupa majina yote pamoja na asili yake. Bally mara nyingi ni baile, makazi. Caher ni cathair, ngome ya mawe. Knock ni cnoc, kilima. Kil huwa ni cill, kanisa, lakini pengine ni coill, msitu. Kwa kubahatisha tu nimewahi kujenga kanisa ambalo halikuwepo.

Katika kitongoji cha Ballykinvarga utakuta ngome ya mawe, na nje ya ukuta wake mawe yamesimikwa wima, yamesongamana, ili mvamizi asipite mbio. Ngome za namna hiyo Ayalandi zinahesabika kwa vidole.

Hatua ya 3: Tafuta walioishi humo

Hapa kaa sana. Sensa za karne ya 19 karibu zote zimepotea. Za 1821 hadi 1851 nyingi ziliteketea tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika jengo la Four Courts mjini Dublin, zilikohifadhiwa. Za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe.

Kwa hiyo tunategemea vitabu vya kodi: vya zaka iliyolipwa kwa kanisa la serikali, vya miaka ya 1820 na 1830, na vya uthamini wa ardhi wa Richard Griffith, ambavyo kwa Clare ni vya 1855. Viweke ubavu kwa ubavu, kitongoji kwa kitongoji. Katikati yake ipo njaa kuu ya 1845 hadi 1852. Lakini usiseme kila jina lililotoweka ni maiti: wengine walipanda meli, wengine walifukuzwa na mwenye ardhi. Na vibarua wasio na shamba, walioumia kuliko wote, kwenye zaka hawamo kabisa.

Ukikuta neno "offices" kwa Griffith, usidhani mkulima alikuwa na ofisi. Ni mabanda na ghala.

Kisha ingia sensa za 1901 na 1911, ambazo ni bure mtandaoni. Ya 1911 iliuliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Soma safu hizo mbili polepole. Safu ya lugha nayo inaonyesha nani bado alizungumza Kiayalandi.

Hatua ya 4: Rejista za ubatizo na ndoa

Maktaba ya Taifa ilizipandisha mtandaoni mwaka 2015, zikifika takriban 1880. Majina mengi yako kwa Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Tafuta jina la ukoo likiwa na O' na bila O', maana karani aliandika alivyosikia.

Hatua ya 5: Sikiliza watoto wa 1937

Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi walitumwa kuwauliza wazee wao habari za visima vitakatifu, dawa, mizimu na njaa. Madaftari hayo yako duchas.ie. Tarehe zake usizitegemee, ila majina ya mahali ni dhahabu.

Hatua ya 6: Vaa buti

Nenda ukaone misalaba ya mawe ya kanisa kuu la Kilfenora, iliyojengewa paa la kioo. Makaburini usisugue jiwe kwa brashi ya waya. Elekeza mwanga wa kioo cha kujitazamia kutoka ubavuni, herufi zitajitokeza, kisha piga picha. Mashine ya kutafutia vyuma iache nyumbani: kuitumia kusaka vitu vya kale bila kibali ni kosa la jinai.

Ukimaliza, chapisha ramani kubwa umpelekee mzee anayelima hapo, umwachie kalamu. Mashamba yana majina yao, na mengi hayamo katika kitabu chochote.