Kuomba Kibali na Kununua Bastola Iliyotumika: Mwongozo kwa Wakazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Bastola ndogo, iliyotumika, bei isiyoumiza. Ndiyo wanayoulizia wafanyabiashara wengi wa huku kwetu: wenye mchele Ubaruku, wenye mbao Mafinga, mawakala wa fedha wa Tunduma wanaofunga duka usiku na mauzo ya siku nzima mkobani. Karibu wote huanza na bei. Mimi nakushauri uanze na karatasi, kwa sababu bastola ikiwa rahisi kupita kiasi kasoro yake huwa kwenye nyaraka kabla hujaikuta kwenye chuma.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hairuhusu kununua kwanza ukaja kuomba baadaye. Ukikutwa na bastola usiyo na leseni yake, kesi inaangukia kwenye uhujumu uchumi, na kusema "nilikuwa njiani kwenda kuisajili" hakutakutoa. Kwa hiyo usitoe hata kishika uchumba kwa muuzaji mpaka maombi yako yawe yamekubaliwa. Kuiangalia na kuulizia historia yake, ruksa. Kuondoka nayo, hapana.

Safari inaanzia mtaani au kijijini unapoishi. Andika barua ya maombi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ujieleze wewe ni nani, unafanya kazi gani, unataka silaha ya aina gani na kwa nini. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo wengi wanapoharibu. Neno "kujilinda" peke yake ni jepesi, maana kila mtu anataka kujilinda. Eleza kwamba unasafirisha fedha za mauzo kutoka gulio hadi benki, kwamba duka lako liko pembeni mwa mji, au kwamba umewahi kuvamiwa na taarifa uliipeleka kituoni. Kama ndivyo, taja namba ya RB, yaani ile uliyopewa kituoni ulipotoa taarifa. Ambatanisha leseni ya biashara, TIN, kitambulisho cha NIDA na picha za pasipoti. Mtendaji wa mtaa na mjumbe wa shina wanakufahamu kuliko unavyodhani. Kama majirani huamshwa na kelele za ugomvi wako na mkeo, au unajulikana kwa kurudi unapepesuka kila Jumamosi, hapo ndipo barua itakapolala, na kwa maoni yangu ilale tu.

Mtaa ukiridhia, jalada linakwenda kata, kisha kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, yaani OCD, na Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya inalijadili. Kutoka hapo linapanda mkoani kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, yaani RPC, na kamati ya mkoa, halafu kwa Msajili wa Silaha, Makao Makuu ya Polisi. Katikati ya safari hiyo utachukuliwa alama za vidole ili rekodi yako ya jinai ichunguzwe, utahojiwa, na utatakiwa kuonyesha kwamba una akili timamu na unajua kutumia silaha kwa usalama. Ada zote zilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu, na risiti uitunze. Anayekuambia umpe mkononi "aharakishe faili" anakuingiza kwenye matatizo mawili kwa pesa moja.

Kwenye mahojiano tegemea swali hili: "Sasa mwanangu, hiyo bastola utaiweka wapi?" Jibu la "chini ya mto" au "kabatini kwa mama watoto" linakumaliza. Nunua sefu ndogo ya chuma, ifungwe kwa boliti ukutani au sakafuni, na risasi zikae mahali pake zikiwa zimefungiwa. Kama nyumba ni ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba kabla hujatoboa ukuta wake.

Muda wa kusubiri hautabiriki. Utumie kumchunguza muuzaji.

Bastola iliyotumika hupatikana kihalali kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya kuuza silaha, au kwa mmiliki mwenye leseni anayetaka kuachana nayo, na uhamisho unapita mikononi mwa polisi. Ipo na njia ya tatu yenye mitego mingi, bastola ya marehemu. Mzee amefariki Tukuyu au Kalenga, watoto wamefungua kabati wakaikuta, na mmoja wao anaiuza kimyakimya ili wagawane. Leseni ni ya mtu, haiingii kwenye urithi pamoja na mashamba ya chai. Familia inatakiwa kuikabidhi silaha polisi, msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani, ndipo ijulikane nani anaweza kuiuza na nani anaweza kuomba kuimiliki. Ukiletewa bastola ya namna hiyo, omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi na hati ya polisi ya kuipokea. Zisipokuwepo, mshauri muuzaji aipeleke kituoni nawe uendelee na shughuli zako. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, kimojawapo Septemba na Oktoba 2023, lakini msamaha humlinda anayesalimisha ndani ya muda wake. Anayenunua haumhusu.

Linganisha namba ya silaha iliyochongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye leseni ya muuzaji, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye bastola nyingi za zamani za Ulaya namba hurudiwa kwenye mtutu na kwenye slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma. Zisipofanana, ujue zimeunganishwa bastola mbili. Namba iliyosagwa au kuchongwa upya ni ya kukimbia. Uliza pia kama silaha ilipitia uhakiki wa nchi nzima wa mwaka 2016.

Sasa chuma chenyewe. Muuzaji awepo, na ukiweza uwe na fundi wa silaha anayetambuliwa na polisi. Mtutu uelekezwe pasipo na mtu, magazini itolewe, slaidi ivutwe nyuma, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, itazamwe kwa macho kisha iguswe kwa kidole. Mulika tochi ndani ya mtutu: mistari ya mzunguko ionekane wazi, bila mashimo ya kutu. Kutu ndiyo adui wa silaha za huku. Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo mengi, na bastola iliyolala miaka ndani ya ala ya ngozi kabatini hufyonza unyevu wa ngozi ile. Kwa nje itang'aa mafuta. Fungua vibao vya mpini uone chini yake. Springi ya magazini iliyochoka si kasoro kubwa, maana hubadilishwa, ila itumie kushusha bei. Kifungio cha usalama kinacholegea ni sababu ya kuacha.

Kabla hujapatana, jua inakula risasi gani na kama zinapatikana kihalali kwa wauzaji unaoweza kuwafikia. Bastola za bei ya chini mara nyingi ni za milimita 7.65, au za Makarov. Hapa kuna mtego: Makarov nayo huitwa ya "milimita 9", lakini risasi yake ni ya 9 kwa 18 (unene kwa urefu wa ganda, kwa milimita), haiingiliani na ile ya kawaida ya 9 kwa 19. Ukinunua kwa kusikia "tisa" tu, unaweza kubaki na chuma kizuri cha kuwekea karatasi zisipeperuke.

Kuijaribu kwa risasi kunafanyika kwenye uwanja wa shabaha unaokubaliwa na polisi, chini ya mkufunzi, kwa utaratibu utakaoelekezwa na ofisi ya RPC. Usiende nayo msitu wa Sao Hill wala mbugani Usangu. Risasi ya bastola husafiri zaidi ya kilomita moja, na huku mashambani watu wamo hata usipowaona. Vaa kinga za masikio na macho. Piga polepole, ukitumia magazini zote zinazouzwa nayo. Angalia kama risasi ya mwisho inapanda vizuri, kama maganda yanatoka bila kukwama, na uokote machache uone kama yamevimba au kupasuka. Ikikwama mara moja, badilisha magazini ujaribu tena. Ikirudia kukwama na magazini zote mbili, rudisha. Ya kubebea kila siku haitakiwi kuwa na visingizio.

Ukishaimiliki, ikae kwenye ala inayofunika kifyatulio chote. Koti zito la Makambako linaificha vizuri, lakini jaribu kuifikia ukiwa umelivaa na umefunga vifungo, huku haina risasi, ndipo utajua. Usiiache kwenye gari, usiingie nayo baa, usimwazime mtu hata ndugu. Kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu kinakupa haki ya kujitetea, ila nguvu utakayotumia itapimwa dhidi ya hatari iliyokuwepo. Kibaka anayekimbia na simu yako hakupi sababu ya kufyatua.

Ikipotea au kuibwa, toa taarifa kituo cha karibu mara moja. Ukihama, tuseme kutoka Iringa kwenda Mbeya, wajulishe polisi wa unakotoka na wa unakokwenda kabla ya silaha kusafiri. Na tarehe ya mwisho wa leseni iandike kwenye simu, ikukumbushe mwezi mmoja kabla, kwa sababu leseni ikiisha bastola ileile uliyoihangaikia inakuwa haramu ikiwa ndani ya sefu yako.