Jinsi ya kuisoma safari ya insulini ndani ya seli bila kukariri

Mdogo wangu yuko form six hapa Moshi, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), juzi kaniletea daftari limejaa majina ya protini mstari kwa mstari, nikamwambia funga hilo, hivi vitu havishikiki kwa kukariri. Chukua mzigo mmoja tu, mi napenda insulini ya kongosho, ufuate toka unapotengenezwa mpaka unatoka nje ya seli, na kila hatua jiulize hapa nani kaamua.

Anzia retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa tando ndani ya seli ambako insulini inatengenezwa. Protini ndogo inaitwa Sar1 ikishika GTP, molekuli ndogo inayoiwasha, inajichomeka kwenye utando na kuwaita wenzake wa COPII, kundi la protini za kufunika kifuko, hao ndo wanaukunja utando mpaka kifuko chenye mzigo kinachomoka kuelekea Golgi, kituo cha kupanga na kufungasha mizigo ya seli.

Sasa kifuko kinajuaje kinakoenda? Nenda stendi jioni uangalie Hiace za Marangu na za Himo, gari zinafanana kabisa, unachosoma ni kibao. Kwenye seli kibao ni protini zinazoitwa Rab, binadamu tunazo zaidi ya 60, mfano Rab5 iko kwenye endosomu changa (endosomu ni vifuko vya vitu seli ilivyovimeza) na Rab7 kwenye zilizokomaa. Rab yenye GTP iko kazini, inaita protini ndefu zinazokidaka kifuko kikifika, GTP ikishakatwa ikawa GDP kibao kinashushwa kikatumike tena.

Kufika sio kushusha mzigo lakini. Hapo zinaingia SNARE, protini za kuunganisha tando, na hapa usiharakishe, chukua jaketi lako la baridi ya Julai ufunge zipu polepole uone pande mbili zinavyovutana. SNARE ya kifuko na zile za utando wa nje zinajisokota pamoja nyuzi nne, zinavuta mpaka tando mbili zinakuwa moja, ila kwa insulini zinasubiri kwanza kalsiamu iingie, na inaingia sukari ikipanda kwenye damu. Ukitaka kujua uzito wake kumbuka pepopunda, ile sumu inakata SNARE ya kifuko kwenye neva zinazotuliza misuli, ndo maana mgonjwa anakakamaa.

Ukimaliza mchoro funika protini moja kwa kidole useme mzigo utalundikana wapi. Randy Schekman alifanya hivyo hivyo kwa hamira, akiharibu jeni moja moja, na mwaka 2013 akapata Nobel pamoja na James Rothman na Thomas Südhof. Dogo alifunika Sar1, akajibu retikulamu, sawa kabisa, akahamisha kidole kwenye Rab.